Akademi za AFL: ni kuruka foleni au ni malipo ya kulea?

Dada mmoja mzaliwa wa Mombasa anayeishi Melbourne kaniuliza hivi: kijana wake wa miaka 14 kaanza kucheza mpira wa Australia, ule wa mpira wenye umbo la yai ambao ligi yake kuu ndo AFL, na kila akimpeleka mazoezini anawasikia wazazi wenzake wanalalamika kwamba timu za kaskazini, yaani Sydney, GWS (Greater Western Sydney, timu ya pili ya jiji la Sydney), Brisbane na Gold Coast, zina akademi zao na zinachukua vipaji vya kwao kabla ya wengine wote. Anauliza, huu si wizi? Na je, mwanawe kukaa huku Melbourne, jimbo la Victoria, ana hasara kuliko angekuwa anakulia Brisbane?

Dada, nashukuru kwa swali, maana ni swali ambalo watu wanaligombania kila mwaka ikifika Novemba, wakati timu zinapochagua vijana wapya, na wengi wanaligombania bila kujua mashine yenyewe inavyozunguka. Nimekaa na watoto wa mpira huu miaka mingi na jibu langu nakupa mapema kabisa: timu iliyomlea mtoto kupewa nafasi ya kwanza ya kumchukua, hapo mi sioni wizi. Wizi, kama tunataka kutumia neno hilo, ulikuwa kwenye bei. Na kuna dhulma nyingine ambayo hao wazazi wa mazoezini hawaisemi sana, na hiyo ndo inawagusa watoto kama wako, nitaifikia.

Kwanza lazima uelewe kwamba AFL sio kama soka tulilozoea. Kwenye soka, mtoto akilelewa na timu ndogo halafu akauzwa mbele huko, kuna pesa inarudi nyuma, FIFA wana utaratibu kwamba asilimia 5 ya ada ya uhamisho inagawiwa timu zilizomlea tangu miaka 12 mpaka 23, na kuna fidia ya mafunzo juu yake. Hata kama pesa zinacheleweshwa au zinapigwa danadana, haki ipo kwenye karatasi. AFL hakuna kitu hicho. Hakuna ada ya uhamisho hata kidogo, timu haziuziani wachezaji kwa pesa, mishahara ina kikomo kimoja kwa timu zote, na watoto wanaingia kupitia drafti. Drafti ni foleni: timu iliyoshika mkia inachagua ya kwanza, bingwa anachagua mwisho, basi. Imeanza 1986 na lengo lake ni kwamba timu isibaki chini milele. Mtoto mwenyewe hachagui, anaweza kuwa kazaliwa Perth akapelekwa Melbourne, kazaliwa Melbourne akapelekwa Brisbane, akiwa na miaka 18.

Sasa jiulize, kwenye mfumo kama huo nani atatoa hela yake, makocha wake, mabasi, viwanja, kwa miaka sita saba kumlea mtoto wa miaka 12, halafu siku ya drafti mtoto anachukuliwa na timu nyingine bure bila hata senti moja kurudi? Hakuna. Huko Victoria, South Australia na Western Australia swali hilo halina uzito kwa sababu mpira huu ndo mpira wa nyumbani, watoto wanazaliwa nao, shule zinaucheza, vilabu vya mtaani vipo kila kona, yaani kipaji kinaota chenyewe na timu kubwa zinavuna tu. Kaskazini si hivyo. Kuna kitu kinaitwa mstari wa Barassi, jina alilitoa Ian Turner mwaka 1978, ni mstari wa kufikirika unaoikata Australia vipande viwili, upande wa kusini na magharibi wanacheza mpira huu, upande wa New South Wales na Queensland ni ragbi. Na usidhani ni kipande kidogo, majimbo hayo mawili peke yake yana zaidi ya nusu ya watu wote wa Australia. Mtoto mwenye mwili mzuri na mbio anayezaliwa Newcastle au Gold Coast, kila mtu anamwambia nenda kacheze ragbi.

Na timu zilizopelekwa huko zimeteseka. South Melbourne walihamishiwa Sydney 1982, Brisbane Bears wakaanza 1987, Gold Coast 2011, GWS 2012. Kila siku shida ni ileile, wanachagua vijana wazuri kutoka kusini, wanawafundisha, kijana akifika miaka 20 au 21 anakumbuka kwao anaomba kuondoka. Brisbane mwisho wa 2013 walipoteza vijana watano kwa mpigo, Sam Docherty, Elliot Yeo, Jared Polec, Billy Longer na Patrick Karnezis, wote vijana, na Docherty na Yeo walikuja kuwa wachezaji wakubwa kabisa kwenye timu zingine. Fikiria timu inayojengwa hivyo, ni sawa na kuchota maji kwa pakacha. Kwahiyo wazo la akademi lilikuwa na pande mbili, kuwatoa watoto wa kaskazini kwenye ragbi, na kupata wachezaji ambao nyumbani kwao ni hapohapo, hawana sababu ya kukimbia. Akademi hizi zilianza mwaka 2010 hivi na matunda ya kwanza makubwa yakaonekana 2014, Isaac Heeney, kijana wa upande wa Newcastle, mji wa ragbi kabisa. Mi kwa Heeney siwezi kusema kuna timu iliibiwa. Bila akademi ya Sydney kuna uwezekano mkubwa tusingemjua, au tungemjua kwa mpira mwingine. Mchumia juani hulia kivulini.

Lakini sasa tuje kwenye bei, na hapa nakuomba usome polepole maana ndo kiini cha ugomvi wote.

Heeney alionekana na kila mtu kuwa miongoni mwa vijana wawili watatu bora wa mwaka ule. Sydney walimlipia kwa namba 18, yaani nafasi ya 18 kwenye foleni ya drafti. Namba 18! Kwa sheria ya wakati ule ilikuwa timu nyingine ikitaja jina la kijana wa akademi yako, unamchukua wewe kwa kulipa chaguo lako linalofuata, hata kama liko mbali kiasi gani, na kwa kuwa Sydney walikuwa timu nzuri chaguo lao lilikuwa mbali. Watu wa Melbourne wakawaka na walikuwa na haki ya kuwaka. AFL ikabadilisha mwaka uliofuata, 2015, ikaleta mfumo wa pointi. Kila namba kwenye foleni ikapewa thamani, namba 1 pointi 3,000, namba 3 pointi 2,234, inashuka hivyo mpaka mwisho. Timu nyingine ikitaja jina la kijana wako, wewe unaambiwa haya lipa pointi za namba hiyo, lakini unapunguziwa asilimia 20 kwa sababu wewe ndo mlezi.

Kwenye karatasi inapendeza. Mwaka huohuo wa kwanza Callum Mills wa akademi ya Sydney akatajwa kwenye namba 3. Piga hesabu na mimi: 2,234 ukitoa asilimia 20 inabaki kama 1,787. Sasa kwenye jedwali lile namba 33 ilikuwa na pointi 563, namba 36 pointi 502, namba 37 pointi 483, namba 44 pointi 362. Zijumlishe, unapata 1,910, umeshamlipia kijana wa tatu kwa ubora nchi nzima na chenji inabaki. Umeona tatizo? Hakuna timu yoyote duniani ingekubali kubadilishana namba 3 kwa mzigo wa namba za thelathini na arobaini, wale ni vijana ambao wengi wao hawafiki mbali. Lakini ofisi ya ligi ilikuwa inakubali, na Sydney kweli wakamlipia kwa namba za thelathini na kuendelea. Timu zenye watoto wa akademi zikajifunza mchezo, unauza chaguo lako zuri la mwanzo kwa timu nyingine unapewa namba nyingi za katikati, unazimwaga siku ya drafti, unapata kijana wako halafu ulichouzia mwanzo nacho bado kinakupa faida. Gold Coast 2023 waliiuza namba 4 kwa Western Bulldogs, wakajaza kapu, halafu wakachukua vijana wao wanne: Jed Walter namba 3, Ethan Read namba 9, Jake Rogers namba 14 na Will Graham namba 26. Wanne kwenye drafti moja, na hakuna sheria waliyovunja.

Hapo ndo naposema wazi bila kuuma maneno: bei ilikuwa mbovu kwa miaka kumi na walioiona ni mbovu walikuwa wanasema ukweli. Kwa drafti ya 2025 AFL ilishusha lile punguzo kutoka asilimia 20 mpaka 10, na jedwali la pointi likapangwa upya ili namba za nyuma ziwe na thamani ndogo, kwahiyo ule ujanja wa kukusanya vichenji ukabanwa. Mimi ningeenda mbele zaidi, ningesema kijana akitajwa ndani ya kumi bora basi lazima angalau chaguo moja la raundi ya kwanza, yaani mzunguko wa kwanza wa foleni, liwemo kwenye malipo, uchomoe kitu chenye uzito mfukoni mwako. Punguzo la asilimia 10 sina ugomvi nalo, hilo ndo jasho la mlezi.

Kuna doa lingine la haki ambalo lazima nilitaje, la eneo. GWS walipoanza walipewa eneo kubwa sana la kusini mwa New South Wales, pamoja na Riverina na Albury. Sasa Riverina sio nchi ya ragbi peke yake, huko mpira wa Australia unachezwa tangu mababu, wachezaji walikuwa wanatoka huko kabla hata GWS haijawazwa. 2015 walichukua Jacob Hopper namba 7, Matthew Kennedy namba 13 na Harry Himmelberg namba 16, wote wa maeneo hayo. Mi nawauliza watu, hapo akademi iliumba nini? Wale vijana wangefika AFL tu. Ndo maana baadaye ligi ikawanyang'anya upande wa Albury na bonde la mto Murray, na nadhani ilikuwa sawa. Kipimo changu ni kimoja: je, bila akademi huyu mtoto angecheza mpira huu? Kama hapana, mlezi apewe haki yake. Kama ndiyo, akae kwenye foleni kama wenzake.

Sasa dada, nikurudishe kwa hao wazazi wa mazoezini. Nina uhakika wanataja Brisbane, maana fainali ya 2024 ilikuwa Brisbane na Sydney, timu mbili za kaskazini, Brisbane wakashinda kwa pointi 60, na 2025 wakachukua tena, na Gold Coast ambao walikaa tangu 2011 bila kugusa hatua ya mtoano hata mara moja nao wakaingia 2025 na wakashinda mechi yao ya kwanza Perth kwa pointi moja. Kwahiyo kusini kuna joto. Lakini angalia Brisbane yenyewe imejengwa na nini. Lachie Neale alitoka Fremantle, Josh Dunkley alitoka Western Bulldogs, Charlie Cameron alitoka Adelaide, Hugh McCluggage ni drafti ya kawaida kabisa namba 3 mwaka 2016. Wa akademi wapo, Eric Hipwood alitajwa mapema, lakini Harris Andrews, nahodha mwenza kwenye ubingwa wa 2024 na 2025, alichukuliwa namba 61 mwaka 2014, yaani timu zote za kusini zilimpita tena na tena zikamwacha. Na yule kijana anayewauma zaidi, Will Ashcroft, mchezaji bora wa fainali mara mbili mfululizo, sio wa akademi hata kidogo! Ashcroft alikuwa anachezea vijana wa Sandringham, hapohapo Melbourne. Alikwenda Brisbane kwa sheria ya baba na mwana kwa sababu baba yake Marcus alicheza zaidi ya mechi 300 huko, na mdogo wake Levi akafuata 2024 kwa njia hiyohiyo.

Na sheria ya baba na mwana ni ya nani? Ni ya kusini. Inataka baba awe amecheza mechi 100 kwenye klabu, sasa timu yenye miaka zaidi ya mia ina akina baba wangapi na timu iliyoanza 2012 ina wangapi? Geelong walimpata Gary Ablett mdogo kwa namba 40 mwaka 2001, Tom Hawkins kwa namba 41 mwaka 2006, hizo ni bei za kuokota. Collingwood wakampata Nick Daicos 2021, Western Bulldogs wakampata Sam Darcy mwaka huohuo. Hakuna aliyemlea Daicos kwa jasho la akademi, kazaliwa tu kwenye nyumba ya baba aliyeichezea Collingwood. Ukiniuliza ipi ina hoja ya haki, ya kumchukua mtoto uliyemtoa kwenye ragbi akiwa na miaka 12 au ya kumchukua mtoto kwa sababu ya jina la baba, mi sioni hata ushindani. Lakini wengi wanaopiga kelele kuhusu akademi, hii sheria ya baba na mwana wanaiita mila na mapenzi ya mchezo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nilikuahidi dhulma nyingine, nayo ndo hii. Timu ambazo sio za kaskazini nazo zilipewa akademi zao mwaka 2016, zinaitwa Next Generation Academy, na hizi sio kwa kila mtoto wa eneo, ni kwa watoto wa wenyeji asilia wa Australia na watoto wa familia zilizotoka nje, kwa mfano wale ambao wao wenyewe au wazazi wao wamezaliwa Afrika au Asia. Yaani mtoto wako. Kila timu ina eneo lake na inatakiwa kuwatafuta hao watoto, kuwapa makocha, kuzungumza na wazazi ambao mpira huu hawajawahi kuuona. Isaac Quaynor, mwenye asili ya Ghana, aliingia Collingwood kwa njia hiyo 2018, namba 13. Halafu 2020 Western Bulldogs wakampata Jamarra Ugle-Hagan, namba 1 ya nchi nzima, kupitia akademi hiyo, na timu zikalalamika, na AFL ikafanya nini? Ikafunga mlango. 2021 ikasema mtoto wa Next Generation akitajwa ndani ya 20 bora timu iliyomlea haina haki ya kumlipia, mwaka uliofuata wakasogeza mpaka 40 bora.

Wa kwanza kuumizwa na mlango ule ni Melbourne. Mac Andrew, kijana mrefu wa familia ya Sudan Kusini aliyekuwa anachezea timu ya vijana ya Dandenong Stingrays, alikuwa kwenye akademi ya Melbourne. 2021 Gold Coast wakamchukua namba 5 na Melbourne hawakuruhusiwa hata kufungua pochi. Miaka miwili baadaye Gold Coast haohao wanamlipia mtoto wao kwenye namba 3 na wanaruhusiwa. Kazi ileile ya kulea, sheria mbili. Hii ndo iliyoniuma mi kuliko namba 18 ya Heeney, kwa sababu madhara yake hayakuishia kwenye timu, yalimfikia mtoto: klabu ikijua kwamba ukimlea vizuri sana mtoto wa mhamiaji utampoteza, na ukimlea wastani utabaki naye, hiyo ni sababu gani ya kuweka pesa pale? 2024 wameondoa kizuizi, na mwaka huohuo Essendon wakamlipia Isaac Kako namba 13 kutoka akademi yao. Imechelewa lakini imekuja.

Kwahiyo swali lako la mwisho, je, mwanao ana hasara kukaa Victoria. Kwa sheria za sasa, hapana, tena kwa mtoto mwenye mzazi wa Kenya njia zimeongezeka, kuna ile ya kawaida ya timu ya mtaani mpaka timu ya vijana ya kanda mpaka drafti, na kuna hii ya Next Generation. Kwenye klabu ya mtaani anapocheza muulize kocha au katibu, sisi tuko eneo la timu gani ya AFL, halafu andikia idara ya jamii ya timu hiyo moja kwa moja, watajie nchi waliyozaliwa wazazi, na uliza mtoto anatimiza vigezo gani, maana vigezo wanavirekebisha mara kwa mara. Usisubiri waje wenyewe. Kuwa kwenye akademi hakumfungi, timu nyingine yoyote bado inaweza kumtaja siku ya drafti, inachofanya ni kumpa makocha bora mapema na kuipa timu moja sababu ya kumjali.

Na umwambie kijana habari za Aliir Aliir, kazaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, familia ikahamia Australia, mpira huu kaukuta ukubwani kidogo. Sydney walimchukua 2013 kwa namba 44, foleni ya kawaida, halafu akahamia Port Adelaide na 2021 akawekwa kwenye timu bora ya mwaka ya ligi nzima, All-Australian. Mabeki wa aina yake, warefu wenye kuruka, timu zinawatafuta kwa tochi. Kijana wako wa miaka 14 ana miaka minne kabla ya drafti, akifikisha 18 mwaka huo anaruhusiwa kuingia. Saa hizi mi nisingehangaika na mambo ya namba, ningehakikisha anapiga mpira kwa miguu yote miwili, maana watoto wa kwetu wanaokuja kutoka soka wana mbio na pumzi lakini mguu wa kushoto unawaangusha kwenye majaribio.